Nani Aimbe Kanisani? Mjadala wa Kigombe

Ukitoka Tanga kwenda Pangani kwa barabara ya pwani, ukishayapita magofu ya Tongoni, mkonge unaanza kukusindikiza, na safu zake hazijaisha unafika Kigombe. Upande mmoja ni bahari na madau. Upande wa pili ni shamba la mkonge, lililoleta watu wa bara ambao wajukuu zao sasa hawajui kwingine. Wengi kijijini ni Waislamu. Wakristo ni wachache, wa madhehebu mbalimbali, na kwa uchache huo swali ambalo mjini humezwa na kwaya ya watu sitini, hapa halina pa kujificha: wimbo wa ibada ni wa nani? Ni wa kwaya iliyoufanyia mazoezi, au ni wa kila aliyeingia kanisani na kuketi?

Wanaosema hapa chini nimewabuni, na mazishi wanayoyataja nimeyabuni pia. Hoja zao sikuzibuni. Utazisikia Muheza, utazisikia Chumbageni, na ukivuka mpaka utazisikia Mombasa. Nimewapa majina ya kazi zao au umri wao. Bibi ni Mwanglikana aliyelelewa Magila. Mwalimu anafundisha kwaya. Katekista ni wa kigango cha Katoliki. Kijana anapiga kinanda. Ustadhi ni jirani yao, anafundisha madrasa, na ameombwa akae nao kwa sababu mazoezi ya kwaya yote anayasikia kutoka kibarazani kwake. Msimamo wangu sitauficha: naegemea kwa Bibi, ingawa Mwalimu atanibana.

BIBI. Wanangu, sina ugomvi na kwaya. Nina swali tu. Juzi tumemzika mwenzetu. Kwaya mbili zikaja, kila moja na sare yake na spika yake. Zimeimba, tena zimeimba vizuri. Lakini sisi tuliomuuguza marehemu, tuliokesha naye, tulisimama pale kama watazamaji wa mpira. Nilitaka kumwimbia mwenzangu. Wimbo siujui, na hata ningeujua, ile spika isingenipa nafasi. Nimekosa nini hata nisiimbe kwenye msiba wangu mwenyewe?

MWALIMU. Pole na msiba, Bibi. Hakuna aliyekuziba mdomo. Ila nikueleze kazi yetu ilivyo. Tunafanya mazoezi jioni tatu kwa juma. Watu wametoka shambani, wengine hawajala. Sauti ya kwanza wanajifunza peke yao, ya pili peke yao, ya tatu na ya nne vivyo hivyo, ndipo tunaunganisha. Na tukishaunganisha utakuta sauti ya pili wameivamia ya kwanza, tunarudi mwanzo. Wimbo wa kurasa mbili unaweza kutumaliza majuma matatu. Sasa mtu akisema kila mmoja aimbe kila kitu, ananiambia kazi hiyo yote ni sawa na sauti ya aliyeingia sasa hivi akitafuta pa kukaa. Hapana. Wala wazo hili si langu. Mtaguso wa Laodikia, katika karne ya 4, uliagiza kwenye kanuni yake ya 15 kwamba wasiimbe kanisani ila waimbaji waliowekwa rasmi, wanaopanda mimbarini na kuimba kutoka kitabuni. Nadhani maaskofu wale nao walikuwa wamechoshwa na vurugu.

KATEKISTA. Ukinipeleka Laodikia, Mwalimu, mimi nakupeleka Milano. Mwaka 386 Askofu Ambrosi alijifungia kanisani na waumini wake, askari wa Yustina, mama yake Kaisari, wakiwa nje. Augustino alikuwa mjini humo. Anasimulia katika kitabu cha 9 cha Maungamo yake kwamba siku zile ndipo watu wa Milano walipoanza kuimba tenzi na zaburi kama walivyofanya Wakristo wa Mashariki, ili wasilemewe na huzuni na uchovu. Hawakuitiwa kwaya ije kuwaliwaza. Waliimba wenyewe, na askari wanawasikia.

MWALIMU. Augustino huyohuyo katika kitabu cha 10 anauogopa uzuri wa sauti. Anakiri kuna nyakati uimbaji ulimgusa kuliko maneno yanayoimbwa, akaona ametenda dhambi.

KATEKISTA. Lakini mwishowe anakubali kuimba kuendelee.

MWALIMU. Kwa woga.

KATEKISTA. Kwa woga, sawa. Woga huo ndio ninaoutaka kwenye kwaya yako. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, kifungu cha 114, unasema kwaya ziendelezwe kwa bidii. Na katika kifungu hichohicho maaskofu wanaambiwa wahakikishe kusanyiko zima la waumini linatoa mchango wake. Machi 1967 ukaja waraka wa Musicam Sacram. Kifungu cha 16 hakizunguki: kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa, watu wakatengwa kabisa, si desturi ya kukubalika.

MWALIMU. Lakini hata wewe umekiri kwamba kile cha 114 kinaanza na kwaya.

Nimsimamishe Katekista hapo. Vifungu humshinda msomaji wa vifungu, na Bibi si msomaji wa vifungu. Swali lake bado liko palepale kaburini. Isitoshe, Kanisa limetoa maagizo juu ya muziki tangu zamani, na Pius wa 10 alitoa lake mwaka 1903. Lingekuwa jambo la kumalizwa kwa waraka, waraka wa kwanza ungelimaliza. Afadhali tumsikilize Bibi alikotoka.

BIBI. Kwetu ni Magila. Misheni ya Kianglikana ya UMCA imefika huko miaka ya 1860, kwa mababu zetu Wabondei. Unguja alikuwako Askofu Steere, ambaye kanisa lake la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa. Yeye aliandika na kutafsiri nyimbo kwa Kiswahili hadi kufa kwake mwaka 1882. Baadaye akaja Askofu Frank Weston, huyo alipenda Misa ya kuimbwa, ubani na mishumaa. Alifia kwetu Hegongo mwaka 1924. Siwataji kwa kuwatukuza wazungu. Nawataja kwa sababu ya kitabu. Wimbo ulikuwa kitabuni, mwaka huu na mwaka ujao ni uleule. Bibi yangu hakujua kusoma hata herufi, lakini ukianzisha wimbo wa Kwaresima anakwenda nao hadi ubeti wa mwisho. Alikuwa nao kichwani tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Ninyi kila Jumapili mna wimbo mpya. Tukianza kuushika, mnautupa. Nitajifunza lini?

Hapo Bibi amegusa jambo ambalo wabishi wengi wa muziki wa kanisa hulipita. Hubishana kuhusu ngoma na kinanda, kuhusu kucheza na kusimama wima, ilhali kinachowanyamazisha watu mara nyingi ni kasi ya kubadilisha nyimbo. Mtu haimbi asichokijua. Kwaya ina kila sababu ya kutafuta kipya: kuna mashindano ya kwaya, kuna kurekodi, kuna mtunzi aliyetuma nota zake jana kwa simu, na wanakwaya wenyewe huchoka. Aliye kwenye benchi hachoki. Yeye ndio kwanza anaanza kuuzoea.

MWALIMU. Bibi, hizo za kitabu zina dosari ambayo mtu wa muziki hawezi kuinyamazia. Tuni zake ni za Kiingereza na za Kijerumani. Nyingi zinaanza na noti nyepesi, inafuata nzito, na mstari unamalizikia kwenye nzito. Lugha zao zinakubali. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabu ya pili kutoka mwisho. Chukua Bwana, Yesu, Mungu, Roho: uzito uko mbele. Ukiyatia mwanzoni mwa tuni ya namna ile, uzito unarukia nyuma, na jina la Mungu mwenyewe linatamkwa kama anavyotamka mgeni aliyeshuka melini jana. Ukifika mwisho wa mstari, silabu iliyotakiwa kupumzika ndiyo inayobebeshwa noti ndefu. Sisi tuna nafuu. Wasambaa wa kule Mlalo, ambako misheni ya Bethel ilifika mwaka 1891, waliimba tuni za Kijerumani kwa lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Tuni ikipanda mahali neno linaposhuka, msikilizaji akisie mwenyewe.

BIBI. Mwanangu, umewahi kukaa ukamsikiliza anayeghani utenzi?

MWALIMU. Mara nyingi.

BIBI. Anavuta silabu gani?

MWALIMU. Ya mwisho. Ile ya kina.

BIBI. Na nani amewahi kumwambia amekipindua Kiswahili? Shaaban Robert amezaliwa upande wetu huu, Vibambani, kule Machui. Mashairi yake yanahesabu mizani na kutafuta vina. Hayaulizi mkazo umekaa wapi. Sikio la pwani limezoea kuvutiwa silabu ya mwisho tangu kabla wamisionari hawajazaliwa. Hizo tuni hazikutushangaza kiasi unachodhani.

Ningemwachia Bibi ushindi huu mzima, ila anaudai zaidi ya anavyostahili. Mwenye kughani huvuta kina kwa hiari yake, na sauti yake hushuka anapovuta. Tuni ya misheni inamlazimisha, tena mara nyingi huku inapanda. Mwalimu angeweza kusema hivyo. Badala yake alichagua njia nyingine, na nadhani alichagua vizuri.

MWALIMU. Nakubali, sikio linazoea. Lakini tazama kinachotokea mtu anapotunga kwa sikio lake mwenyewe. Mwaka 1966 mwanafunzi wa theolojia pale Makumira, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, juu ya tuni ya Kihaya. Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani aliyekuwa akifundisha hapo, alikusanya nyimbo za namna hiyo kutoka makabila mengi zikawa kitabu, Tumshangilie Mungu. Leo fungua kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116: ni ule wa Kyamanywa, kwa Kijerumani. Wajukuu wa waliotuletea tuni wanaimba yetu kila Pasaka, na sisi tumeng'ang'ania zao! Na Wakatoliki msijione mko mbali. Padre Stephen Mbunga alikwishaandika kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, mwaka uleule wa hati yako, Katekista. Kongo walitangulia. Missa Luba ilirekodiwa mwaka 1958, Misa ya Kilatini kwa sauti za Kamina.

BIBI. Huo wa Pasaka naujua.

MWALIMU. Unaujua?

BIBI. Wote tunaujua. Tuliufundishwa, tukaachiwa miaka tuuimbe. Ndiyo maana.

KIJANA. Wazee wangu, mtanisamehe. Mnabishana habari za mkazo na huku vijana wanahamia kwa walokole. Wanafuata nini? Biti. Kinanda changu kina biti mia na zaidi, nikiwasha moja tu kanisa linaamka. Lakini nikiwasha, Bibi ananitazama kama nimevunja amri.

BIBI. Ile si ngoma. Ngoma ina mtu. Hicho kidude hakijui kama tumechoka au tumechangamka, kinakwenda tu. Wimbo ukitaka kutulia kwenye neno, chenyewe kinatusukuma. Lete ngoma ya ngozi na mpigaji mwenye akili, sitasema kitu.

KATEKISTA. Bibi! Zamani hata hiyo ya ngozi ilikuwa haramu. Wamisionari wengi waliiita ya kishetani.

KIJANA. Na kinanda walikitoa wapi? Nimesoma kwenye simu, Mwalimu usinicheke. Warumi walikipiga kwenye viwanja vya michezo, watu wanachinjana huku kinanda kinalia. Mwaka 757 Kaisari Konstantino wa 5 wa Bizanti alimpelekea Pipini, mfalme wa Wafranki, kinanda kama zawadi ya ikulu. Kuingia makanisani kulikuja baadaye. Wahabeshi kwa upande wao wanapiga kebero kwenye ibada, ngoma kubwa kabisa, na nyimbo zao wanazinasibisha na Mtakatifu Yaredi wa karne ya 6. Basi kama ni suala la asili safi, ngoma yao ya Gondar ina cheti kizuri kuliko kinanda cha Roma.

MWALIMU. Sikucheki. Isipokuwa hicho chako si kinanda cha Roma wala ngoma ya Gondar. Ni mashine inayomfanya mpigaji mvivu.

Ustadhi alikuwa amenyamaza muda wote huo. Huenda ni adabu ya mgeni, huenda ni kwamba mjadala huu anaujua kwa sura yake nyingine.

USTADHI. Naomba niseme kama jirani, mambo ya dini yenu nawaachia. Habari ya vyombo isiwashughulishe sana, nasi tunayo. Wapo kwetu wanaosema dufu ni halali na kinanda kwenye kasida hapana. Wapo wanaokubali vyote. Na wapo wanaoyapinga maulidi yenyewe. Ubishi huo ulinikuta na utaniacha. Lakini Tanga haijawahi kuogopa chombo cha mgeni. Babu zetu walicheza beni, kundi la Marini likishindana na la Arinoti, kwa sare na matarumbeta waliyoyaona kwa askari. Kundi la Black Star likatia magitaa kwenye taarabu, na mwimbaji Shakila akaimba juu yake, na hakuna leo anayesema ile si taarabu. Chombo kinazoeleka. Mimi kinachonishangaza kwenu ni kingine. Tukisoma maulidi ya Barzanji, msomaji anasoma na watu wanaitikia. Ikifika kiamu, wote tunasimama na wote tunaimba: mvuvi, mtoto wa madrasa, mwenye sauti na asiye nayo. Sasa mimi nimeketi kibarazani jioni tatu kwa juma nikisikiliza mazoezi ya Mwalimu. Sauti ya tatu ya wimbo wenu wa Krismasi naijua yote. Nikamuuliza jirani yangu anayesali humo ndani kila Jumapili, akaniambia haujui. Mwislamu anaujua wimbo wa kanisa kuliko mwenye kanisa!

BIBI. Haya, nani atajibu hilo?

KIJANA. Aje kwaya, Mwalimu. Sauti ya tatu tunaihitaji.

USTADHI. Astaghfirullah. Nyie pangeni yenu.

Walicheka, na kicheko kile kilimwokoa Mwalimu kwa muda. Aliporudi, alirudi na hoja ambayo sina jibu lake la haraka.

MWALIMU. Sasa nanyi nisikilizeni. Mnaizungumzia kwaya kana kwamba ni watu walioshuka kutoka mbinguni na spika. Kwaya ni nani katika kijiji cha mkonge? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, hapo ng'ambo ya mto Pangani. Kutokana na hiyo pwani hii ikajaa mkonge, na mkonge ukataka mikono. Wakaja manamba: Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wabena wa Njombe, watu wa Rwanda na Burundi, Wamakonde wa Msumbiji. Mtu anafika kambini na namba na blanketi. Hana mjomba, hana shangazi, lugha ya wenyeji anaibabaisha. Akiugua nani ampikie uji? Akifa nani achimbe kaburi? Kwa aliyekuwa Mkristo, kwaya ndiyo iliyokuwa ukoo. Mpaka leo kwaya ina mwenyekiti, ina mweka hazina, ina mfuko wa rambirambi, ina zamu ya kumtazama mgonjwa. Zile kwaya mbili za mazishi, Bibi, nusu ya waimbaji walichanga nauli na sanda kabla hawajafungua vinywa. Mkisema kwaya imewanyang'anya watu sauti, naomba mnijibu: wanakwaya si watu? Mwanamke anayekata mkonge toka alfajiri, asiyeulizwa neno na mtu yeyote juma zima, Jumapili anasimama mbele amevaa kitenge kilichoshonwa vizuri na kanisa zima linamsikiliza. Mnataka nimwambie arudi kwenye benchi?

Hapakuwa na aliyejibu upesi. Hoja hii haiamuliwi na Laodikia wala Milano. Kwangu mimi ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa kwaya, na ajabu ni kwamba haihusu muziki hata kidogo. Inahusu nafasi ya mtu mdogo kusimama mahali na kusikika. Anayeandika juu ya uimbaji wa ibada pwani ya Tanga akaisahau kambi ya mkonge, ameandika juu ya nota tu.

Hata hivyo hoja ya Mwalimu ina upande wa pili, na Bibi aliuona kabla yangu.

BIBI. Sitaki mwanamke huyo arudi benchi. Nataka kuimba naye. Umesema kwaya ni ukoo, nami nakubali, nimewaona mnavyozika. Sasa mimi ni mgeni wa ukoo huo ndani ya kanisa langu? Mgeni hukaribishwa. Mnapofika msibani, kabla ya nyimbo zenu saba, anzisheni mmoja ninaoujua, zimeni hiyo spika, mniache nilie kwa kuimba. Baada ya hapo imbeni zenu mpaka jua lizame. Mbona naomba kidogo?

KATEKISTA. Na kwenye Misa tungeweza kugawana. Bwana Utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu, Mwanakondoo: hizi ziwe za watu wote, kwa tuni moja isiyobadilika toka Majilio hadi Majilio. Matoleo na shukrani baada ya komunyo, kwaya waonyeshe ufundi wao, sisi tusikilize. Kusikiliza nako ni kushiriki, sikatai.

MWALIMU. Mwaka mzima tuni moja? Wanakwaya watanikimbia. Utukufu ndio wimbo wanaoupenda.

KATEKISTA. Basi miezi sita.

MWALIMU. Na nani atawafundisha hao wa mabenchi? Mimi nina jioni tatu, zimejaa.

KIJANA. Dakika kumi kabla ya ibada, Mwalimu. Nitapiga tuni peke yake, bila biti, Bibi asikie mwenyewe. Watu wanafika mapema wanakaa bure tu wakisubiri padre.

MWALIMU. Wanafika mapema? Kanisa gani hilo?

Nilidhani mjadala ungekwama hapo, kwenye saa, ambapo mambo mengi ya kanisa hukwama. Lakini mzozo wa mwisho ulizuka kwenye jambo dogo ambalo wala waraka wa Roma hauligusi, na ambalo mtu yeyote aliyewahi kusimama benchi la nyuma analifahamu. Kwaya iliyofanya mazoezi huanzia juu. Sauti ya kwanza wamezoea kupanda, na mwalimu hufurahia mng'ao wa huko juu. Bibi wa miaka sabini, mvuvi aliyepigwa na upepo usiku kucha, kijana ambaye sauti ndio kwanza inabadilika: hao wakijaribu mstari wa kwanza na kushindwa, hawajaribu wa pili. Hufunga vinywa na kusingizia hawaupendi wimbo.

BIBI. Kisha mshushe sauti. Mwalimu, ukiuanzisha wimbo mimi nafika nusu, halafu nabaki nautazama unavyopaa. Nyimbo za kitabu unazipandisha kwa ajili ya hao mabinti zako.

MWALIMU. Nota zimeandikwa do ni G. Mtunzi ndivyo alivyotaka.

KIJANA. Kinanda kina kitufe cha kushusha. Nabonyeza mara tatu tu, tuko E. Hata vidole sibadilishi.

MWALIMU. Ukishusha hivyo, besi wangu watashuka wapi? Wataishia kunguruma.

USTADHI. Besi gani, Mwalimu? Mwezi umeingia gizani tangu jana. Besi wako wote wako baharini kwenye dagaa, hawarudi mazoezini mpaka mwezi uonekane. Nimewaona wakisukuma mashua.

MWALIMU. Wote?

USTADHI. Na wa sauti ya tatu wawili.

MWALIMU. Haya. Do ni E. Lakini kwa zile za kitabu tu, na ya mazishi. Za kwaya hazishuki.